Aliyerundikiwa Yote

Msimu wa alizeti ulikuwa umepamba moto. Foleni ya wakulima ilitoka dirishani kwa Loyce, karani wa mapokezi, hadi nje ya geti la kiwanda cha mafuta, pale Mandewa, na kompyuta ilikuwa imeganda tena.

"Dada, tulale hapahapa?" mama mmoja akauliza.

Kijana mwembamba, shati jeupe limechomekwa vizuri, akajipenyeza. "Shikamooni wazazi. Mfumo huu niliutengeneza mimi, Chediel."

"Kumbe mchawi wetu ndiye wewe!" Loyce akasema. Watu wakaangua kicheko.

Chediel akainamia mashine. "Ukifungua orodha, programu inachota wakulima wote kwenye hifadhidata, inawajaza kwenye kumbukumbu, ndipo ikuonyeshe wa kwanza. Lazima ielemewe."

"Dawa yake?"

"Ichote hamsini tu. Ukitaka wengine, iwatoe hao kwanza kwenye kumbukumbu, ndipo ichote hamsini wengine."

Jioni foleni ilikwisha. Tangu siku hiyo simu ya Loyce haikupoa; Chediel alipiga kila jioni, hadi wakawa wapenzi.

"Kompyuta haijambo, mpenzi?"

"Haijambo. Aliyeizoea sauti yako ndiye mgonjwa."

Kisha baba yake Loyce akapiga kutoka kijijini, Kinyangiri. Mshenga wa Chediel, Mzee Manase, alikuwa amefika na barua ya posa, blanketi la mama na tarehe ya harusi. Loyce akakaa kitako sakafuni. Kwao binti humwambia shangazi kwanza, shangazi humwambia baba, ndipo mshenga apige hodi. Yeye hakuwa amemwambia mtu, maana hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuolewa.

"Nilitaka kukushangaza," Chediel akajitetea kwenye simu.

"Mashine umeionea huruma, Chedi. Mimi umenirundikia ndoa nzima kwa siku moja. Baba anadhani nilimficha." Akazima simu.

Siku zikapita, nzito. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi: angeolewa na mtu anayemwamulia?

Jumapili moja, baada ya ibada, alimkuta Chediel mlangoni kwake, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Natoka Kinyangiri. Nimemwomba mzee radhi, nikamwambia hukujua lolote. Barua nimeichukua. Tarehe haipo tena."

Loyce akakaza kitenge kiunoni.

"Nina swali moja tu. Bado unanipenda?"

"Nakupenda."

Chediel akavuta pumzi, akafumbua mdomo aendelee. Loyce akamwekea kiganja midomoni, taratibu.

"La leo limetosha. La pili njoo uniulize kesho."