Daftari Lililosafishwa

Walikutana kwenye duka la fotokopi nje ya chuo, saa ya mapumziko, foleni imefika barabarani. Binti alivaa gauni la njano na viatu vyeupe vya wodini; wenzake walishamwita Nesi kabla hata hajafuzu. Mbele yake alisimama kijana wa darasa lao, shati limenyooka kwa pasi, akitoa nakala ya daftari lake. Huyo, kwa mwandiko wake mzuri, walimwita Karani.

Nesi alichungulia. "Wewe unaandika kila neno la mwalimu?"

"Hata akikohoa naandika."

"Ndiyo maana ukiulizwa hujui kitu."

Karani alicheka, na hapo ndipo alipokwisha kwa mapenzi. Kwa miezi mitatu walikaa dawati moja na kupigiana simu kila jioni.

Daftari la Nesi, kusema kweli, lilikuwa chafu. Aliandika kwa maneno yake mwenyewe, nusu sentensi, mishale huku na huku. Pembeni aliandika maswali, na jioni alifunika ukurasa kwa kiganja akayajibu. Akikosea alikata kwa mstari mmoja tu, ili aone alipopotea. Lilikuwa tegemeo lake, maana alishafeli mtihani mmoja, na mtihani wa marudio ulibaki wiki moja. Akifeli tena, anafungasha virago.

Karani aliliazima Ijumaa. Jumatatu akaleta jingine jipya, limefunikwa karatasi ya maua.

"Fungua, mpenzi. Nimekuandikia upya lote."

Mistari imenyooka, vichwa vya habari vyekundu. Hakuna mshale. Hakuna swali hata moja.

"Langu liko wapi?"

"Lilikuwa limechakaa, roho yangu. Nimelichoma."

Mimi nasema wazi: angemzaba kibao, ningemshikia mkoba. Watu husema wema hauozi. Huu ulioza palepale.

"Na maswali yangu?"

"Nilidhani ni vitu usivyovijua. Nikaona aibu, mtu asije akayaona."

"Kwa hiyo ulinionea aibu." Sauti yake ilishuka, na hilo lilitisha kuliko kelele. Alimrudishia daftari kifuani. "Kaa nalo. Usinipigie tena."

Karani alipiga mara tisa. Ya kumi, Jumanne jioni, Nesi akapokea ili amtukane vizuri.

"Unajua ulichochoma, mjinga wewe? Ukurasa wa figo. Pembeni niliuliza, kwa nini mgonjwa anavimba miguu? Nikaandika moyo umechoka, nikakata, nikaandika chumvi na maji havitoki mwilini. Hicho ndicho ulichochoma."

Karani akasema, "Na ukurasa uliofuata?"

"Unanidhihaki?"

"Hapana. Nitukane na huo pia."

Akamtukana. Akamtukana kwa mapafu, kwa ini, kwa dalili zote za kisukari, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye damu akakwama.

"Hapo... hapo sikumbuki."

"Basi hapo ndipo pa kusoma," Karani alisema taratibu.

Nesi alikata simu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Akaazima kitabu cha maktaba, akasoma damu, damu peke yake, siku mbili, huku akimlaani.

Majibu ya mtihani yalipobandikwa, alikuwa amefaulu. Karani alisimama kando ya ukuta, hakuthubutu kusogea.

"Hongera," alisema. "Nisamehe."

"Sijakusamehe. Na usidhani ile simu ilikuwa msaada. Niliyajua kwa sababu niliyaandika mwenyewe."

"Najua."

"Sitakusamehe mpaka nizeeke."

Karani akasema, "Basi niruhusu nikae karibu, nisije nikaikosa siku hiyo."

Nesi alimtazama kuanzia kiatu hadi nywele. Hasira ilikuwa bado ipo, na mapenzi yalikuwa bado yapo, na hakuna kilichokuwa tayari kumpisha mwenzake.

"Maneno hayo usiniambie mimi," alisema, akianza kutembea. "Kamwambie baba."