Aliyejificha Mwadingusha

Germaine na Élie walikutana soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, mvua ilipowasukuma chini ya mwavuli mmoja wa muuza vocha. Élie alikisifia kitenge chake, akamchekesha, akaomba namba. Germaine akampa. Mapenzi yakanoga, ila kulikuwa na jambo moja: kila mama yake Germaine alipotokea, Élie aliyeyuka. Kanisani alichomoka kwa mlango wa pembeni. Barabarani alivuka upande wa pili. Germaine akaanza kushuku kuna mke aliyefichwa Kasumbalesa. Wanaume wa Lubumbashi, alijiambia, wana safari nyingi mno za mpakani.

Parokia ilipoandaa matembezi ya kuona bwawa la zamani la Mwadingusha, akamwekea sharti.

"Utamusalimia mama kule, ao tumeachana."

Huko ukuta mkongwe wa zege ulizuia ziwa zima, na chini yake maji yalinguruma yakiporomoka. Mama aliupapasa ukuta, machozi yakimlenga, kwa kuwa babu yake alikuwa mmoja wa waliobeba saruji yake. Germaine akageuka amwite Élie. Hayupo! Akampigia simu kwa hasira.

"Uko wapi?"

"Chérie, niko huku ku mashini ya zamani. Naangalia tu."

Alimkuta amechutama nyuma ya mashine yenye kutu, shati lake jeupe limechafuka kwa grisi.

"Élie, uko na bibi ingine? Mama anamujua ule bibi? Sema!"

"Hapana, chérie! Ni mambo ya bukwe. Kwetu, muntu haangaliaki mama ya bibi yake ku macho. Ni heshima."

"Bibi gani? Ulishatuma hata bajomba ku nyumba?"

Élie akajifuta jasho. "Bado. Lakini ku moyo nilishakuoa zamani."

Germaine alitaka kumwamini, akaogopa. Maneno matamu hayamshindi mwanamume aliyebanwa. Akarudi kwa mama yake, Élie akimfuata kwa mbali.

Mama alikuwa amewapa mgongo, amejifunika kitenge kichwani mpaka machoni.

"Mama, uko na nini?"

"Ule kijana iko nyuma yako? Basi sigeuki. Nilimuona anakimbia tangu ku kanisa, nikajua balimulea muzuri. Umwambie bantu bake bakuje kuposa. Hata mimi nilishachoka kujificha."