Nyanya Ambazo Hata Mbuzi Alizikimbia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Recheli alichota maji kisimani akamwagilia nyanya zake nyuma ya nyumba yao, pale Goweko. Kisha alichungulia bustani ya jirani yake Yoramu, aone za mwenzake zimefikia wapi. Sikukuu ya mavuno ilikaribia, na kapu la mtoto lililopendeza kuliko yote huwekwa mbele kabisa kanisani. Mwaka uliopita lilikuwa la Yoramu, na Yoramu hakuwa mtu wa kunyamaza.

Wiki ile viwavi wakavamia. Recheli akakumbuka dawa ya tumbaku iliyobaki stoo. Kama inawaweza wadudu wa tumbaku, viwavi wa nyanya wana ubavu gani? Baba yake alipotoka tu, akapulizia mara mbili. Ya pili ilikuwa ya kumkomesha Yoramu.

Lo! Viwavi wakatoweka, na nzi wakahama. Mbuzi wa Yoramu, mwizi anayejulikana kitongoji kizima, aliingia bustanini, akanusa, akapiga chafya, akaondoka zake kwa adabu.

"Anajua ni za kanisani," Recheli akajisifu.

Jumapili kapu lake likang'aa mbele. Nyanya za Yoramu zilikuwa na matundu, watoto wakamcheka.

Baada ya ibada mavuno yakanadiwa. Kapu la Recheli likachukuliwa na Mzee Sixbert, mzee wa kanisa aliyependa kula kuliko kuimba. Alikuja na chumvi mfukoni kwa kazi hiyo. Akachagua nyanya kubwa, akaifuta kwa shati, akafungua kinywa.

Recheli akasogea mbele. Akisema, ataaibika mbele ya watu wote, na baba yake yupo. Asiposema, mzee wa watu ataumia.

"Babu, usile! Nimezipulizia dawa ya tumbaku!"

Mzee Sixbert akabaki mdomo wazi, chumvi ikimwagikia viatuni.

Advera, bibi shamba wa kata, akatoka mbio kwenye kwaya. Akamnawisha mzee mikono kwa sabuni, akavaa glavu alizozitoa mkobani, akaipasua ile nyanya. Ndani ilikuwa ngumu na nyeupe.

"Si tuzioshe tu?" mzee akaomba, maana moyo ulikuwa bado kapuni.

"Hata ukiosha mpaka jioni, Babu, sehemu ya dawa imeshaingia ndani ya tunda. Tena mmea ukipigwa dawa isiyo yake hudhoofika, ukashindwa kutengeneza sukari ya kutosha. Rangi inakuja, utamu hauji."

"Kosa langu pia," baba yake Recheli akasema. "Stoo sikuifunga."

Advera akamgeukia Recheli. "Mwanangu, dawa ina zao lake, kipimo chake, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Tena si kazi ya mtoto. Ulikosea, lakini umesema kweli wakati ulimi ulikuwa mzito, na umemwokoa mtu. Ukumbuke: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Wakati huo Mzee Sixbert alikwishahamia kapu la Yoramu, akikata palipotobolewa na kukung'uta chumvi ya mwisho mfukoni.

Yoramu akampa Recheli moja. Recheli alitamani iwe chungu. Ikawa tamu kweli, akaomba nyingine.