Jicho Kwenye Meza ya Mzee Huseni

"Harusi ya Masoko imewahishwa."

Simu ikakatika.

Kazija alikuwa juu ya Honda, Nangurukuru ameshaiacha nyuma, sauti ya Mkuu wake wa Idara ya upelelezi imemfikia kupitia kisikilizio kilichofichwa ndani ya kofia ngumu. Maneno yale alijua maana yake. Mtu aliyepangwa kukamatwa wiki ijayo, akamatwe leo.

Akakanyaga gia. Mikorosho ikawa inampita pembeni kama ukuta.

Mtu mwenyewe aliitwa Huseni. Nahodha mstaafu, na sasa mpangaji wa doria za baharini kutoka Kilwa mpaka Lindi. Boti ya doria haikung'oa nanga mpaka yeye aandike iende wapi, ipite mkondo gani, izime taa wapi. Na kwa miezi kadhaa wafanya magendo walikuwa wakiyajua yote hayo mapema kuliko mabaharia wenyewe. Heroini ilishushwa pwani watu wakiwa wamestarehe, kama wanashusha magunia ya chumvi.

Kiongozi wao alikuwa mgeni ambaye Idara haikuwa na jina lake wala picha yake. Walimwita Pweza.

Safari ya mwisho Pweza hakukimbia. Alisubiri. Boti ilipoingia kwenye mkondo, risasi zikaanza, na kijana aliyeshika usukani, Ismael, akafa kabla hajajua anapigwa kutoka wapi.

Mpango wa safari ile waliujua watu wawili tu. Huseni aliyeuandika, na Abdulrazak, nahodha wa boti, aliyekabidhiwa mkononi. Abdulrazak alifunzwa kazi pamoja na Kazija. Siku ile alirudi na tundu la risasi begani.

Akabaki Huseni.

Simu ikaita tena.

"Abdulrazak ameshatoka," alisema Mkuu. "Anakwenda Kiswere. Mpango wa mzee huyo huyo."

"Mrudisheni!"

"Redio amezima. Ni amri, mpaka afike. Na simu ya kawaida huko haishiki."

Kazija akaongeza mwendo. Kilwa Masoko ilikuwa imeshaanza kuonekana.

*

Kwa Huseni alikuwa amejitambulisha tangu jana kwa simu: fundi wa kompyuta kutoka Lindi. Alitaka apate nafasi ya kuipekua mashine kabla ya kumfunga pingu mwenye mashine.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani."

Mzee alikuwa mezani, kanzu imepigwa pasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mbele yake kompyuta ya mezani ya siku nyingi, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Juu ya skrini kulikuwa na kamera ndogo iliyobanwa kwa kibanio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Afadhali umekuja. Hii mashine inanitesa. Naandika neno, linatokea baada ya kupumzika. Mara nyingine mshale unatembea wenyewe, utadhani una jini."

Mkono wa Kazija ulikuwa umeshaingia chini ya jaketi, umeshika bastola yake ya Glock. Ukasimama hapo hapo.

"Unatembea wenyewe?"

"Wenyewe kabisa! Unafungua karatasi zangu, unafunga. Nikasema ni uzee. Mbona hata mimi nasahau mlango wazi."

Kazija alikuwa bado pembeni ya meza, nje ya macho ya kamera. Akainama polepole, akachomeka nyuma ya kompyuta kifaa cheusi kisichozidi kiberiti, kazi ya mafundi wa Idara. Akatazama simu yake ya Samsung.

Mistari myekundu ilimwagika kwenye kioo. Kila kilichokuwa kwenye skrini ya mzee kilikuwa kinapelekwa nje ya nchi. Kila herufi. Picha ya kamera. Na sauti. Hata ile shikamoo yake ilikuwa imeshasikika.

Akazungumza kwa nguvu, kama fundi aliyechoka.

"Mzee, hapa pana kazi, na vifaa nimeviacha Lindi. Nitarudi kesho. Nionyeshe tu maji ninawe."

Huseni akanyanyuka akimlaumu, akampeleka uani. Kazija akafungua bomba, akaliacha limwage, akamsogelea sikioni.

"Mimi si fundi, mzee wangu. Natoka Idara. Nimekuja kukukamata."

Mzee alimtazama. Hakuuliza kwa nini. Mtu aliyepoteza baharia huwa anajua siku itafika ataulizwa.

"Mpango wa leo umeuandika humo?"

"Humo. Nikachapa, nikampa Abdulrazak mkononi mwake. Binti, mimi simu siiamini, redio siiamini. Wallahi sijautuma popote!"

"Hukuutuma. Wamejichukulia wenyewe. Mara ya mwisho uliifanyia apdeti lini?"

"Inaniomba kila siku. Nabonyeza 'baadaye'. Inakula bando, inanichelewesha kazi."

"Na antivairasi?"

"Iliisha muda wake. Halafu kikatokea kidirisha, kikasema mashine yangu imejaa virusi, nibonyeze hapo isafishwe bure. Nikabonyeza. Ndipo ilipoanza kuwa nzito."

"Ilikuwa lini?"

Kazija aliona usoni mwake hesabu inapita. Baada ya Ramadhani. Kabla ya safari ile.

Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ismael," alisema. "Mtoto wa Mwanahija, hapa nyumba ya pili. Kazi nilimtafutia mimi. Nimemwosha kwa mikono hii kabla hajazikwa."

Kazija akampigia Mkuu.

"Bwana harusi si mtu. Ni mashine. Wameingia kwenye kompyuta ya mzee, wanaona kila kitu."

"Kwa hiyo Pweza yuko Kiswere anamsubiri Abdulrazak," alisema Mkuu.

"Ndiyo."

"Helikopta sina. Boti nyingine sina. Hapa nilipo hatuna la kufanya, Kazija."

Alikuwa na bastola, magazini mbili, pikipiki yenye mbio kuliko zote katika wilaya. Vyote havikufaa kitu. Mwenzake alikuwa majini anaelekea kifo kwa mwendo wa taratibu, na adui alikuwa ndani ya sanduku la plastiki chumbani, hapigiki risasi. Kuchomoa waya kungewaziba macho tu. Lakini mpango wa leo walikuwa wameshausoma.

Walikuwa wameshausoma.

"Mzee," alisema Kazija. "Wanaamini unachoandika?"

Huseni akainua kichwa.

"Kwa nini wasiamini? Sijawahi kuandika uongo humo."

*

Yustina alikuwa Lindi mjini na kikosi cha nchi kavu. Alipokea simu haraka.

"Nitawaelekeza watu wa Pweza Mchinga," Kazija alimwambia. "Unaweza kuwahi?"

"Naweza. Land Cruiser moja, Musa na watu wachache."

"Watakuja wote, na bunduki zao."

"Waje."

"Yustina. Hawa wanaua."

"Nimekusikia. Andikeni huko."

Mzee Huseni alirudi mezani peke yake. Kazija alitambaa kwa magoti mpaka chini ya meza, mgongo ukutani, macho kwenye simu yake iliyokuwa ikionyesha yale yale wanayoyaona maadui. Alikubaliana na mzee asiseme neno, asitazame chini.

Mzee akafungua karatasi mpya. Feni ikavuma. Akaanza kuandika kwa vidole viwili.

MABADILIKO YA DORIA. HARAKA. Meli ya jeshi na helikopta zimeelekezwa Kiswere alasiri hii. Boti yetu irudi Kilwa. Ulinzi wa Mchinga umeondolewa mpaka

Herufi zikasimama.

Skrini ikaganda.

Mzee alibonyeza. Akabonyeza tena. Huko baharini Abdulrazak alikuwa anazidi kusogea. Hakuna wa kumpigia kelele. Kazija alitamani aitoe ile mashine nje aipasue kwa jiwe, na hakuweza hata kukohoa.

Skrini ikazinduka. Lakini si kwa heri.

Kompyuta itajizima na kujiwasha upya ili kukamilisha apdeti.

Apdeti zote alizozikataa mzee zilikuwa zimekusanyika, na sasa zilikuwa zinamfuata kwa pamoja. Mashine ikizima sasa, Pweza hasomi kitu kwenye simu yake ya setilaiti. Atabaki pale pale Kiswere. Sekunde zilikuwa zinapungua kwenye kidirisha.

Mzee alishika mausi. Mshale haukusogea.

"Yaa Rabbi," alisema kwa sauti, akasahau kwamba anasikilizwa. "Yaa Rabbi, si sasa."

Mshale ukasogea. Ukavuka skrini kwa kuburuzika, ukafika kwenye kitufe.

Baadaye.

Kidirisha kikatoweka. Huseni akamalizia sentensi yake: mpaka kesho asubuhi. Akahifadhi. Akakunja mikono mapajani.

Halafu wote wawili wakaona.

Mshale ulianza kutembea wenyewe. Ulikwenda bila haraka, kama mtu aliye nyumbani kwake. Ukafungua ile karatasi. Ukashuka mpaka chini. Ukapanda tena juu, kwenye jina la Mchinga, ukakaa hapo.

Kisha ukafunga karatasi.

*

Kusubiri ndiko kulikomchosha Kazija kuliko mapigano yote aliyowahi kupigana. Waliondoka kwa zamu kwenda uani, mzee akirudi haraka kukaa mbele ya kamera ili pasionekane patupu. Hakugusa chai yake. Midomo yake ilikuwa inacheza, ama dua, ama jina la mtu.

Jua lilipoanza kulegea, Kazija akiwa uani, simu ikatetema.

"Boti mbili zinaingia," alinong'ona Yustina. "Kuna Mzungu wa makamo, anaagiza wengine. Ndiye?"

"Simjui sura. Yeyote anayeagiza, mchukue akiwa hai."

"Sawa. Musa, subiri... Musa!"

Milio. Mmoja, halafu mingi kwa mfululizo, ya bunduki za SMG. Mtu akaita jina kwa kelele. Simu ikaanguka mchangani, Kazija akawa anasikia mawimbi, pumzi, milio, mawimbi.

Ikakatika.

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alisimama uani kwa Mzee Huseni na simu mkononi, mwanamke aliyefunzwa kuruka kutoka kwenye gari linalokimbia, akawa hana tofauti na mtu yeyote anayesubiri habari za mgonjwa.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshakwisha simu ilipoita.

"Tumewakamata," alisema Yustina. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Pweza yuko hapa, kafungwa mikono. Mzigo wote tunao."

"Na wewe?"

"Mimi mzima. Musa amefariki. Tumempakia kwenye gari, tunampeleka Mingoyo."

Kazija alifumba macho. Hospitali iko Lindi mjini; Mingoyo, nyumbani kwa kina Musa, iko mbele zaidi, upande wa pili. Akaelewa kwamba walikuwa wanampeleka kwao, wala si hospitali. Alikuwa ameshakufa walipompakia.

Muda mfupi baadaye redio yake ya Motorola ikakoroma.

"Kiswere patupu," ilikuwa sauti ya Abdulrazak, ya mtu aliyeudhika. "Hapa hakuna hata mtumbwi. Huyu mzee wenu anapanga nini?"

"Rudi nyumbani," alisema Kazija. "Rudi tu, ndugu yangu."

*

Alichomoa waya wa intaneti, kisha waya wa umeme. Feni ikapungua kasi, ikanyamaza. Akafungua mashine, akatoa diski, akaiweka ndani ya jaketi.

Mzee Huseni alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu.

"Nifunge. Nimalize."

Kazija akampigia Mkuu akasema maneno machache. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, hukamatwi," alisema alipokata simu. "Unabaki na kazi yako. Utaletewa mashine nyingine, utafundishwa namna ya kuitunza, na apdeti zake hutazikataa tena."

"Na Ismael?"

"Hutasema alikufaje. Pweza ana wakubwa wake, na hawajui tumejuaje. Kuna nyumba nyingine zenye kompyuta kama hii. Ukisema, watazifuta nyayo zao. Hii ni amri."

"Mama yake ananiletea uji kila Ijumaa." Mikono ilikuwa bado hewani. "Ananishukuru kwa kumwosha mwanawe. Nitamtazama vipi?"

Kazija akaishusha mikono ya mzee taratibu, mmoja mmoja, akavaa kofia ngumu na kutoka.

Barazani alikutana na mwanamke wa makamo aliyejitanda khanga, sahani iliyofunikwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanahija, jirani. Nimemletea Mzee Huseni maandazi, leo sijaisikia sauti yake msikitini. Wewe ndiye fundi? Mashine yake imepona?"

"Imepona, Bi Mwanahija."

"Alhamdulillahi. Ilikuwa inamsumbua sana, masikini."

Akapita ndani, akipiga hodi. Kazija hakusubiri kumsikia mzee akiitikia. Akapanda pikipiki, akaiwasha, na akaondoka kwa mwendo wa kawaida kabisa, wa mtu aliyemaliza kazi.