Kitambaa cha Darajani

Daraja halikuwepo. Kishada alikuwa amesema lipo, la mbao, zima kabisa. Sasa shangazi yake alikuwa amekaa chini korongoni, baiskeli imemlalia miguuni, kifundo cha mkono wake wa kulia kinavimba.

Shangazi huyo ni fundi cherehani. Kila Jumapili asubuhi aliwachukua Kishada, msichana wa miaka kumi na miwili, na kaka yake, wakaendesha baiskeli pembezoni mwa jiji. Walikuwa wakipanga safari ya siku nne wakati wa likizo: kulizunguka jiji lote bila kukanyaga lami, kwa vijia vya mashambani, kando ya reli na nyuma ya machimbo ya kokoto. Kila mmoja alipewa kipande cha njia akikague. Shangazi aliwakatia vitambaa vyekundu kutoka kwenye mabaki ya kushonea, na sharti lilikuwa moja: kitambaa kinafungwa pale tu uliposimama kwa miguu yako.

Leo walikuwa wakijaribu kipande cha Kishada. Kitambaa cha kwanza walikiona njia panda, cha pili kwenye kona. Kisha mteremko.

"Mbele ni daraja tu," Kishada alisema. Shangazi akaachia breki.

"Ulisema lipo," kaka alifoka, akimtoa shangazi chini ya baiskeli.

"Labda limechukuliwa na maji. Juzi lilikuwepo."

"Maji gani? Na huo mti ulioota juu ya nguzo yake, umeota juzi?"

Kishada akainama kuinua baiskeli.

"Nifungeni mkono kwanza," shangazi alisema kwa meno yaliyobanwa. "Mtatukanana tukifika nyumbani."

Kaka akafungua mkoba wa Kishada kutafuta cha kufungia. Akatoa kitambaa chekundu, kimekunjwa vilevile kama kilivyotoka kwenye mkasi.

"Hiki cha wapi?"

"Cha hapa," Kishada alisema chinichini. "Jua lilikuwa kali. Niliishia kwenye kona. Nikaangalia simu ya baba, ikaonyesha daraja."

"Kwa hiyo aliyefika hapa ni simu. Na jioni ukanicheka eti mimi kobe, umemaliza kabla yangu. Bingwa wa mdomo wewe."

Shangazi alimgeukia Kishada. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Kishada kuliko kelele za kaka.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungeniambia, 'Shangazi, sikufika,' ningekutania kidogo, kisha tungekuja wote polepole. Wewe ukasema lipo. Mimi nikakuamini, nikaachia breki. Anayewaonyesha wenzake njia akisema uongo, wanaoumia ni wanaomfuata."

Jumapili iliyofuata Kishada alirudi korongoni na baba yake. Alitembea ukingoni mpaka akapata kivuko cha mawe, akavuka, akarudi, akavuka tena, ndipo akafunga kitambaa. Njia ikapatikana, lakini likizo ile hawakwenda popote.

Uongo ule uligharimu hivi: mkono mmoja kwenye plasta. Cherehani moja iliyofunikwa shuka mpaka shule zilipofunguliwa. Sare za watoto saba, zilizorudishwa kwa wenyewe zikiwa vitambaa vitupu. Na kaka mmoja ambaye hadi leo, Kishada akisema njia ni nzuri, hushuka kwenye baiskeli akaenda kuitazama mwenyewe.