Barua Ambayo Hakuna Aliyeinakili

Asubuhi moja Bi Chapchap alinakili anwani ya mteja, akabonyeza Kontrol na V ili aibandike kwenye barua. Anwani haikutoka. Ilitoka sentensi moja: "Huyu mama husoma siri za wateja na kuzitangaza mitaani."

Aliifuta upesi. Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe mwaka uliopita, katika barua isiyo na jina kwa meneja, na meneja akamfukuza mpiga chapa mwenzake, Bi Taratibu, ambaye wateja walimpenda zaidi. Ulikuwa uongo mtupu, wivu tu. Bi Taratibu akaugua, akazikwa, na meneja kwa huruma akampa kazi mdogo wa marehemu. Ndiye binti wa meza ya pili, anayemletea Bi Chapchap chai na kumwita dada. Mapenzi hayo hakuwa tayari kuyapoteza.

Alijaribu programu ya majedwali, zikatoka sentensi tatu. Kwenye programu ya picha barua nzima ikabandikwa juu ya uso wa bwana harusi katika picha ya mteja. Alizima mashine akaiwasha, maana kila mpiga chapa anajua mashine ikizimwa kilichonakiliwa hupotea, lakini hiki hakikupotea, na kila kilipotoka chumba kilinuka udongo mbichi, na nyuma yake vidole vikagonga herufi moja moja, polepole, kama alivyogonga marehemu, na alipogeuka hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa kimesogea.

"Dada, mbona siku hizi unaandika yote upya?" binti aliuliza.

"Mashine ina wazimu, mdogo wangu. Usiiguse."

Mganga aliletwa mchana, binti alipotoka kula. Hakukaribia mashine.

"Jini huyu umemwalika mwenyewe," alinong'ona. "Anakula siri ya ile barua. Mwambie uliyemdhulumu, atakosa chakula."

"Amekufa."

"Si ana mdogo wake?"

Siku tatu Bi Chapchap hakula. Ya nne, binti alimhurumia, akasogea amsaidie, akanyoosha mkono kwenye herufi. Bi Chapchap alimshika kiganja, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Binti hakulia. Alibonyeza Kontrol na V. Ikatoka anwani ya mteja, basi. Akafungua majedwali, akafungua picha, anwani ile ile. Harufu ya udongo ilikuwa imekwisha.

"Dada yangu hakujua kuwa ni wewe," alisema hatimaye. "Aliniambia, 'Ukipata kazi pale mshike Bi Chapchap, siku nilipofukuzwa ni yeye peke yake aliyenisindikiza.'"

Bi Chapchap alinyoosha mkono amshike tena.

"Alikufa akikuombea," binti alisema, akachukua mkoba wake. "Mimi sitaweza."

Akatoka, akamwachia mashine iliyopona.