Mlango wa Dereva

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yake baba, jikoni, msiba wa kaka yake ukiwa bado mbichi. Tangu hapo haijaongezwa chumvi.

Kaka yake huyo aliitwa Katibu hata na wanawe, kwani alikuwa katibu wa mtawala kabla hajawa baba wa mtu. Mtawala alipokufa, Katibu akaandika kitabu: jinsi alivyomtii, na siku dhamiri iliposhinda utii. Kilipotoka kuchapwa, macho yake yalikuwa yamekwisha. Akamwita mkamwana wake amsomee sebuleni, kila baada ya chakula cha mchana.

Sharti lilikuwa lile la ofisini. Anayesoma hanyamazi mpaka Katibu aseme, "Imetosha." Makarani wake walikuwa wakikohoa huku wanasoma.

Siku ya kwanza palinuka sigara, na nyumba ile haikuwa na mvutaji. Mkamwana akafika mahali ambapo dereva wa mtawala, akitafutwa auawe, alibisha hodi kwa Katibu: "Nikamfungulia mlango."

"Rudia," sauti ikasema.

Akarudia.

"Mbona unarudia?" Katibu akauliza.

"Si umeniambia, baba?"

"Mimi? Unasinzia, wewe. Soma!"

Shangazi, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, naye alisikia. Akatazama kiti kitupu kando ya kaka yake. Mto wake ulikuwa umebonyea.

Kesho yake sauti ikamrudisha mkamwana pale pale, na safari hii mlango ukabishwa, taratibu, kwa ncha za vidole, kama afanyavyo mtu asiyetaka jirani asikie. Shangazi akafungua. Hapakuwa na mtu. Akamwinamia kaka yake.

"Yule dereva hukumfungulia. Nilikuwamo humu ndani. Uliinua simu ukawaita waliomtafuta."

"Punguza sauti."

"Mtumikie kafiri upate mradi wako, haya, ukapata. Na dhamiri nayo unaitaka?"

Mganga akaletwa. Hata kuketi hakuketi.

"Jini huyu hakutumwa," alinong'ona. "Alikuwa wa mtawala, na mzee alikula kiapo mbele yake. Siku ya dereva mzee alikitimiza kiapo. Leo anakikana kitabuni. Mzee akikiri kwamba alitii, jini ataondoka. La sivyo, atamshika anayesoma."

"Kitabu kimeshachapwa," Katibu akasema.

"Baba," mkamwana akamsihi, "nina mtoto ananyonya."

"Kimeshachapwa, nimesema. Soma."

Akasoma, maana katika nyumba ile neno la Katibu halikuwa na rufaa, na alipofika kwa dereva sauti ikasema rudia, akarudia, na mlango ukabishwa, akarudia, na kubisha kukahama mlangoni kukaingia kabatini, kukaingia ukutani nyuma ya kichwa chake, na moshi ukajaa kooni mwake, na sauti yake ikaanza kuwa nzito, ya kiume, sauti iliyompa Katibu amri maisha yake yote, hata mzee akanyoosha mkono gizani mwa macho yake, akafungua kinywa aseme "Imetosha," na kilichotoka kinywani mwake, kwa sauti ile ile, kilikuwa, "Endelea."

Hakusema neno jingine. Alikufa kitini, kinywa wazi.

Mume wa mkamwana akampokonya mkewe kitabu akakichoma. Mke akaendelea kwa kichwa. Mume akamwambia, "Imetosha." Shangazi akamwambia. Mganga naye akamwambia. Hakuna kati yao aliyekuwa Katibu.

Shangazi alifariki, na mganga pia. Mume yu hai, ana mke mwingine mji wa mbali. Mtoto yu hai, alilelewa na majirani. Mkamwana yu hai, katika chumba cha nyuma, na mchana midomo yake haitulii. Akifika kwa dereva hugeuza uso kuelekea kiti kitupu, husubiri kidogo, kisha hurudia. Huyo anayemwambia arudie, hatujui tumhesabu na wazima au na wafu.